Tora-san na Watazamaji Wake: Hadithi Moja kwa Miaka Hamsini

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kutukuta tukizungumzia ngano, tenzi na methali, na huenda wakashangaa kuona kwamba safari hii tumekwenda mbali hadi Japani, tena kutafuta habari za sinema. Sababu yetu ni hii. Katika kusomesha fasihi simulizi tumeulizwa mara nyingi na wanafunzi swali lililotusumbua: visa vya Abunuwasi, kipi kilitangulia na kipi kilifuata? Abunuwasi alizeeka lini? Nasi tulikuwa tukijibu kwamba visa vya namna ile havina mwanzo wala mwisho, kwamba kila kimoja chajisimamia, na kwamba msimulizi huanzia popote apendapo. Jibu hilo si kosa, lakini halikuwaridhisha wanafunzi. Na tangu tulipozifahamu filamu tutakazozieleza hapa, halituridhishi sisi pia.

Filamu hizo huitwa kwa Kijapani ‘Otoko wa Tsurai yo’. Jina hilo halitafsiriki kwa wepesi. Neno ‘tsurai’ hutumika kwa jambo lililo chungu kulivumilia, na maana ya jumla ni kwamba uanaume ni taabu. Mwenye kulalamika hivyo ni Torajiro Kuruma, ambaye Japani nzima humwita Tora-san, ‘san’ likiwa neno la heshima na la ukaribu kwa pamoja, ambalo sisi tungelitafutia nafasi baina ya ‘Bwana’ na ‘Ndugu’. Kazi yake ni uchuuzi wa kuzunguka. Hutandaza bidhaa zake kwenye sikukuu za mahekalu, akawavuta wapita njia kwa maneno ya haraka yenye kuchekesha, kisha akapanda gari la moshi kwenda mji mwingine. Huvaa koti la drafti, kofia, mshipi wa kufumwa tumboni na ndala, na mali yake yote imo katika sanduku moja la mkononi.

Alitoroka nyumbani akiwa na umri wa miaka 16 baada ya kugombana na baba yake. Filamu ya kwanza, iliyotolewa tarehe 27 Agosti 1969, yaanza siku anaporudi, baada ya miaka 20, katika mtaa wa Shibamata ulio pembezoni mwa Tokyo. Hapo wamo baba yake mdogo na mkewe, wenye duka la vitonge vya unga wa mchele karibu na hekalu, na umbu lake Sakura, aliyezaliwa naye kwa baba mmoja na mama mbalimbali. Furaha ya kuonana haimalizi siku mbili kabla Tora hajaiharibu kwa ulevi na ubishi. Kisha humpenda mwanamke asiyemstahili au asiyestahiliwa naye, hupata kuvunjika moyo, hufunga sanduku lake na kuondoka. Na mwisho wa filamu huwasili nyumbani kadi ya posta yenye maneno ya kuomba radhi.

Hicho ndicho kisa. Kilisimuliwa mara 48, kuanzia mwaka 1969 hadi 1995, na mwigizaji mmoja tu, Kiyoshi Atsumi, aliigiza nafasi ya Tora katika zote. Mwongozaji alikuwa Yoji Yamada, isipokuwa filamu ya tatu na ya nne zilizoongozwa na wengine. Mwaka 1983 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliutambua mfululizo huu kuwa mrefu kupita yote iliyoigizwa na mtu mmoja.

Kabla hatujaendelea, inafaa tuseme kwamba huyo Atsumi si mgeni kabisa katika pande zetu. Mwaka 1965, miaka minne kabla ya Tora, aliigiza katika filamu ya Susumu Hani iliyopigwa Afrika ya Mashariki, juu ya Mjapani aliyekuja kujenga nyumba ya watafiti akalazimika kuelewana na wenyeji. Jina la filamu hiyo lina neno letu la Kiswahili ndani yake: mhusika anaitwa ‘Bwana Toshi’. Sisi tulilijua jambo hilo baadaye sana, na twakiri kwamba lilituongezea mapenzi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa kutazama kwa haraka, filamu hizi ni kama visa vya Abunuwasi hasa: waweza kutoa kimoja, ukakiweka kingine mahali pake, na hakuna kitakachovunjika. Tora haoi, hatajiriki, hajifunzi. Lakini watazamaji waliozifuata kwa miaka hawakuzipokea hivyo. Wao waliona hadithi moja ndefu, yenye vifo, kuzaliwa, uzee na ahadi zisizotimizwa, na waliishi ndani yake. Hadithi hiyo ilitoka wapi, ikiwa waandishi walirudia kisa kile kile?

Mwanzo wake ni kifo. Tora hakuzaliwa katika sinema bali katika televisheni, katika mchezo wa mfululizo uliorushwa kuanzia Oktoba 1968 hadi Machi 1969, ambao Yamada alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Katika sehemu ya mwisho Tora akaenda katika kisiwa cha Amami Oshima kusaka nyoka wenye sumu aina ya habu, akitumaini kupata fedha, naye akaumwa na nyoka akafa. Waandishi walidhani wamemaliza kazi yao vizuri. Watazamaji hawakukubali. Walipiga simu kwa ghadhabu wakilaumu kwa nini mtu wao ameuawa, na Yamada alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa Tora hakuwa mali yake peke yake. Katika mwaka huo huo kampuni ya Shochiku ikaitoa filamu ya kwanza, na Tora akarudi Shibamata akiwa mzima, bila ya mtu kueleza habari za nyoka.

Twaomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Sisi walimu tumezoea kusema kwamba hadhira katika ngano huitikia, hucheka, huimba kiitikio, basi. Hapa hadhira ilibatilisha mwisho. Na si hivyo tu: kwa kuwa wale waliokwisha kumwona Tora akifa ndio hao hao waliokwenda kumwona akirudi, kila kuondoka kwake tangu siku hiyo kulikuwa na kivuli. Mgeni aliyeanzia filamu ya kwanza alimwona mlevi mchangamfu akipanda gari la moshi. Mtazamaji wa zamani aliona mtu anayeweza kufa huko aendako.

Hata hivyo waandishi walijaribu tena kuufunga mlango. Filamu ya tano, ya mwaka 1970, ilikusudiwa na Yamada kuwa ya mwisho. Ndani yake Tora anakwenda hadi Hokkaido kumwaga mkubwa wake wa zamani wa uchuuzi aliye mahututi, anaona jinsi mtu asiye na makao anavyokufa, anaazimia kufanya kazi ya jasho, na anaajiriwa katika duka la kutengeneza jibini ya soya. Bila shaka hatimaye anashindwa. Filamu ilipendwa mno, na mwisho ukaahirishwa. Tangu hapo hapakuwa na mpango mwingine ila kuendelea.

Katika kuendelea huko, kilichoiunganisha hadithi kilikuwa ni kalenda. Kwa desturi filamu zilitoka mbili kwa mwaka: moja mwezi wa Agosti, wakati Wajapani warudipo makwao kuzuru makaburi ya wazee wao, na nyingine siku za mwisho za Desemba. Nayo hadithi ilifuata majira yale yale. Filamu ya mwisho wa mwaka ilimalizikia Mwaka Mpya: vishada angani, wageni dukani, kadi ya Tora mezani, na yeye mwenyewe yuko mbali katika uwanja wa hekalu akiuza vitu. Mtazamaji alitoka sinema akaukuta Mwaka Mpya ule ule barabarani. Familia zilikwenda pamoja, babu na mjukuu, kama vile kwetu watu waendavyo kusalimiana siku ya Idi au Krismasi. Kati ya filamu na filamu ilipita miezi minne au minane, na Tora alikuwa hayupo kwa muda ule ule ambao jamaa zake walimkosa. Hakuna kitabu kiwezacho kumfanyia msomaji hivyo, maana msomaji hufunua ukurasa unaofuata apendapo.

Filamu ya 12, ya Desemba 1973, ililitumia zoea hili kwa ustadi. Katika hiyo ndugu zake Tora ndio wanaosafiri kwenda Kyushu, na yeye anabaki Shibamata kulinda nyumba. Analia upweke, anangoja simu, anapika na kutandika matandiko kabla hawajarudi. Kichekesho chote chategemea kwamba watazamaji wamekwisha kuwaona jamaa hao wakingoja mara 11. Takriban watu 2,400,000 waliitazama, idadi kubwa kupita zote katika mfululizo, na twadhani haikuwa bahati tu.

Kalenda ilileta na mauti ya kweli. Mwigizaji wa kwanza wa baba mdogo, Shin Morikawa, alifariki mwaka 1972. Nafasi yake ilichukuliwa na Tatsuo Matsumura, halafu na Masami Shimojo, nayo familia ikaendelea kumwita kila mmoja wao kwa jina lile lile. Watazamaji walilivumilia hilo, kama mtu avumiliavyo kiraka katika kanzu aipendayo. Jambo la Takashi Shimura lilikwenda kwa njia nyingine. Mzee huyo, ambaye wengi wamjua kwa filamu za Kurosawa, aliigiza nafasi ya baba yake Hiroshi, mume wa Sakura. Katika filamu ya nane anamweleza Tora jinsi alivyopita jioni moja karibu na nyumba ya mkulima, akaona maua ya rindo uani na taa ndani, na jamaa wakila pamoja, akatambua kwamba maisha ya mwanadamu ni yale. Shimura alifariki mwaka 1982. Filamu ya 32, ya Desemba 1983, ikamfanyia huyo baba ibada ya kumbukumbu katika mji wa Takahashi, na Tora, kwa mzaha wa kawaida yake, ndiye anayejifanya kuhani msaidizi. Watu walicheka, na kwa wakati ule ule walikuwa wakimzika mzee waliyemfahamu. Mtu anayeianzia filamu hiyo huona mzaha peke yake.

Yuko pia Mitsuo, mtoto wa Sakura, aliyezaliwa katika filamu ya kwanza. Tangu mwaka 1981 aliigizwa na Hidetaka Yoshioka, mvulana wa miaka 11 hivi, na watazamaji walimwona akibaleghe, akifeli mtihani wa kuingia chuo, akipenda. Kuanzia filamu ya 42, ya mwaka 1989, mapenzi yake kwa msichana Izumi ndiyo yaliyobeba hadithi, na Tora akawa mshauri wa pembeni. Wako waliolalamika kwamba walilipa kiingilio kumwona Tora, si mpwa wake. Twaelewa malalamiko yao, na zipo filamu mbili tatu za miaka hiyo ambazo sisi wenyewe twaziona nyembamba. Lakini mtu mzima asiyekua huhitaji mtoto anayekua kando yake, ili watazamaji wapate cha kupimia miaka.

Na kati ya wanawake wote aliowapenda Tora, ambao kila mmoja hupita katika filamu moja na aghalabu haonekani tena, mmoja alirudi. Jina lake ni Lily, mwimbaji wa vilabu vya ulevi, mtu asiye na makao kama Tora mwenyewe, aliyeigizwa na Ruriko Asaoka. Walikutana katika filamu ya 11, mwaka 1973, huko Abashiri kaskazini. Katika ya 15, mwaka 1975, Sakura anamwuliza Lily kama angekubali kuwa mke wa kaka yake, Lily anakubali, Tora, kwa woga, analigeuza kuwa mzaha, na Lily kwa heshima yake anasema kweli ulikuwa mzaha. Katika ya 25, mwaka 1980, Lily ni mgonjwa hospitalini Okinawa. Tora, aogopaye ndege kama kifo, anapanda ndege kumwendea. Wanaishi pamoja huko kwa siku chache, na baadaye, Shibamata, ni Tora anayesema neno la ndoa na Lily anayelikwepa kwa kicheko. Miaka mitano kati ya kosa la mmoja na kosa la mwingine! Waliowatazama kwa mfuatano waliingoja miaka hiyo kwa siku zake zote.

Sisi hatukuzitazama hivyo. Tulikulia Uganda, katika zama za vibanda vya video, ambamo msimulizi hushika kipaza sauti akatafsiri kwa Kiganda na kuongeza yake, na ambamo sehemu ya tatu ya filamu yaweza kuonyeshwa wiki moja kabla ya ya kwanza. Tulizoea kuunga hadithi kwa kubahatisha. Filamu za Tora-san tulizipata katika diski alizotuachia mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alipomaliza muda wake. Zilikuwa chache, zimechanganyika, na ya kwanza tuliyoiona ilikuwa ya 25. Tulipofika penye kicheko cha Lily tulicheka pamoja naye. Zaidi ya mwaka ulipita kabla hatujaipata ya 15, na hapo ndipo tulipoelewa kile tulichokuwa tumekicheka. Tukairudia ya 25 usiku ule ule, na haikuwa filamu ile tena. Basi anayesema kwamba filamu hizi zaweza kutazamwa kwa mpangilio wowote amesema kweli, mradi aongeze kwamba mpangilio mwingine huleta hadithi nyingine.

Tumefika penye jambo zito. Kutakiwa kwa Tora na umma kulimgharimu mtu. Atsumi alizaliwa mwaka 1928, na ujanani aliugua kifua kikuu akatolewa pafu moja. Aliishi kwa siri, akiificha nyumba yake na watu wake, kwa kuwa barabarani hakuna aliyemwona isipokuwa Tora. Alijaribu nafasi nyingine. Mwaka 1977 aliigiza mpelelezi Kindaichi katika filamu iliyotazamwa na wengi. Umma ukamrudisha kwenye koti la drafti. Katika miaka ya 1990 aliugua saratani. Filamu zilipunguzwa zikawa moja kwa mwaka, ile ya Mwaka Mpya, na Tora akaandikiwa mazungumzo ya kuketi, na shingo yake ikafunikwa skafu. Aliye na macho aliona. Je, ilikuwa haki kuendelea? Watazamaji walitaka, kampuni ilihitaji mapato, na yeye hakusema hapana. Hatuwezi kuwahukumu kutoka huku tuliko. Twasema tu kwamba simu zile za mwaka 1969 zilimfufua Tora, na kwamba aliyeubeba ufufuo huo kwa miaka 26 alikuwa mtu mwenye pafu moja.

Filamu ya 48 ilitolewa tarehe 23 Desemba 1995. Mitsuo, baada ya kuvuruga harusi ya Izumi, anakimbilia visiwa vya kusini, na huko katika kisiwa cha Kakeroma anamkuta mjomba wake akiishi nyumba moja na Lily. Miaka 22 imepita tangu Abashiri. Kakeroma iko katika visiwa vya Amami. Yaani Tora wa sinema aliipata nyumba karibu na pale pale Tora wa televisheni alipoumwa na nyoka. Wanaondoka pamoja, wanagombana njiani kama ada, na filamu yaishia Kobe, mji uliobomolewa na tetemeko la ardhi la Januari mwaka ule, ambako Tora anawajulia hali watu wa huko.

Kiyoshi Atsumi alifariki tarehe 4 Agosti 1996, akiwa na umri wa miaka 68. Jamaa zake walimzika kimya kimya, kisha wakatangaza. Filamu ya 49 ilikuwa imekusudiwa kupigwa katika mkoa wa Kochi, haikupigwa. Mwaka 1997 ilitolewa upya ile ya 25, ya Lily na Okinawa, ikiwa imeongezewa Mitsuo aliyekua akimkumbuka mjomba wake, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya 49.

Jambo ambalo watazamaji hawakulipata ni kifo cha Tora. Mwigizaji alikufa, mhusika hakufa. Mtu aweza kusema kwamba ni hila ya kibiashara, lakini sisi twaona kwamba Yamada alikuwa amekwisha kumwua mara moja, na alijua aliambiwa nini. Tarehe 27 Desemba 2019 ilitolewa filamu ya 50, ‘Okaeri Tora-san’. ‘Okaeri’ ni neno la salamu: Mjapani akiingia kwake husema ‘tadaima’, yaani nimerudi, na waliomo ndani humjibu ‘okaeri’. Kiswahili chatulazimisha kusema ‘karibu nyumbani’, ambalo ni neno la ukarimu zaidi na la kungoja kidogo. Katika filamu hiyo Mitsuo ni mwandishi wa vitabu, mkewe amefariki, duka limegeuzwa mkahawa, na Izumi amerudi kwa siku chache kutoka Ulaya, akiwa mfanyakazi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. (Wasomaji wetu wengi walifahamu shirika hilo bila ya sinema.) Wote wamezeeka kwa miaka yao ya kweli. Tora huja katika vipande vya filamu za zamani, mara akiwa kijana wa 1969, mara mtu mzima wa 1980, na hakuna anayesema kwamba amekufa wala kwamba yu hai. Mahali pake mezani pameachwa.

Nje ya kituo cha gari la moshi cha Shibamata ipo sanamu ya Tora iliyosimamishwa mwaka 1999. Ameshika sanduku lake, anaelekea kuondoka, na amegeuza shingo kutazama nyuma. Kwa miaka 18 alikuwa akitazama uwanja mtupu. Mwaka 2017 iliwekwa sanamu ya Sakura hatua chache kutoka kwake, amesimama akimsindikiza kwa macho.